Uvimbe wa ubongo umerudi: je, mgonjwa aingie kwenye majaribio ya dawa mpya?

Safu hii ya maswali ya wasomaji imepokea barua nne kutoka Lamu na Malindi zinazohusu jambo moja, nalo ni majaribio ya kemotherapia, yaani dawa za kuua chembe za saratani, kwa watu wazima ambao saratani yao ya ubongo imerudi baada ya kutibiwa. Barua ya kwanza ndiyo iliyobeba mengi, kwa hiyo nitaijibu kwa urefu.

Swali

Assalamu alaikum, Daktari. Ninaandika kutoka Langoni, Lamu, kwa niaba ya kaka yangu mwenye umri wa miaka 47, ambaye ni fundi wa majahazi huko Matondoni. Mwaka jana alipasuliwa kichwa Nairobi, tukaambiwa ana saratani ya ubongo iitwayo glioblastoma, kisha akapigwa mionzi kwa wiki sita huku akimeza vidonge vya temozolomidi. Alipata nafuu, akaanza kurudi kazini kidogo kidogo, lakini picha ya MRI ya mwezi uliopita imeonyesha kwamba uvimbe umerudi. Jamaa yetu aliye ng'ambo ametuletea karatasi za hospitali moja inayojaribu dawa mpya ya kemotherapia, na karatasi hizo zinasema kwamba utafiti uko katika awamu ya kwanza. Wazee wa nyumbani wamegawanyika. Wengine wanasema tuuze shamba letu lililoko Hindi ili asafirishwe, na wengine wanasema atakwenda kufanyiwa majaribio kama panya. Yeye mwenyewe anafahamu mambo, ingawa siku nyingine maneno humpotea. Je, hii ni tiba au ni majaribio tu?
*Dada wa mgonjwa, Langoni, Lamu*

Jibu

Wa alaikumu salaam, dada yangu. Namwombea kaka yako afueni, nawe nakuombea subira, kwa sababu kumuuguza mtu mwenye ugonjwa huu ni kazi nzito ambayo wengi hawaioni. Nitakujibu waziwazi. Hayo ni majaribio, na katika awamu ya kwanza swali kubwa ambalo watafiti wanalitafutia jibu ni hili: mwili wa binadamu unaweza kustahimili kiasi gani cha dawa hii bila kudhurika vibaya? Swali lenu ninyi ni kama dawa itamponya kaka yenu au itamwongezea umri. Maswali hayo mawili yana uhusiano, lakini si swali moja, na ni lazima familia iione tofauti hiyo kabla hata ya kumtafuta mnunuzi wa shamba.

Hata hivyo, wanaosema kwamba atafanywa panya hawamtendei haki daktari anayependekeza utafiti. Vidonge ambavyo kaka yako alivimeza pamoja na mionzi vilifika Nairobi kwa sababu watu wengine walikubali kujaribiwa. Mwaka 2005 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Ulaya na Kanada kwa wagonjwa 573 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na glioblastoma. Kati ya waliopigwa mionzi peke yake, nusu waliishi zaidi ya miezi 12.1, na kati ya walioongezewa temozolomidi, nusu walivuka miezi 14.6. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini baada ya miaka miwili waliokuwa hai katika kundi la kwanza walikuwa kama mmoja katika kila kumi, na katika kundi la pili walikuwa zaidi ya robo. Tangu hapo matibabu hayo ndiyo yamekuwa ya kawaida duniani kote.

Ugonjwa unaporudi, njia huwa haijanyooka hivyo. Dawa inayotumiwa zaidi ni lomustini, kidonge cha zamani ambacho hutolewa mara moja kila baada ya wiki sita, kwa sababu chembe za damu hushuka kwa kuchelewa na zinahitaji muda wa kupanda tena. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti mwingine wa Ulaya, safari hii kwa wagonjwa 437 ambao ugonjwa wao ulikuwa umerudi. Kundi moja lilipewa lomustini peke yake, na kundi la pili lilipewa lomustini pamoja na bevasizumabu, ambayo huzuia uvimbe kujiotesha mishipa mipya ya damu. Waliopewa dawa zote mbili walikaa kwa wastani wa miezi 4.2 kabla ya ugonjwa kuendelea, ilhali wenzao walikaa mwezi 1.5. Ungedhani kwamba jawabu limepatikana. Kumbe umri wenyewe haukurefuka kwa kiasi cha kutajika, kwani waliopewa dawa zote mbili walifikia miezi 9.1 na wenzao miezi 8.6. Naomba utafiti huo uukumbuke siku mtakapoonyeshwa picha nzuri ya MRI na kuambiwa kwamba dawa fulani inafanya kazi. Picha inaweza kupendeza, hasa kwa dawa zinazokausha maji yanayouzunguka uvimbe, na mgonjwa asipate siku zaidi. Bado wapo wanaonufaika kwa kupungukiwa na uvimbe wa maji na kuweza kupunguziwa deksamethasoni, dawa ya kushusha uvimbe huo wa maji, na faida hiyo si ya kubezwa, ila ni vyema iitwe kwa jina lake.

Kwa kuwa hakuna dawa iliyothibitishwa kurefusha maisha kwa kiasi kikubwa baada ya ugonjwa huu kurudi, wataalamu wengi wa saratani ya ubongo humshauri mgonjwa mwenye nguvu aangalie kama kuna utafiti anaoweza kuingia. Ushauri huo ni wa kweli, na hautolewi kwa kukata tamaa.

Pengine utauliza kwa nini dawa zinazoziweza saratani nyingine hushindwa na hii. Sababu mojawapo ni ukuta wa mishipa ya damu ya ubongo. Kaka yako ni fundi wa majahazi, kwa hiyo yeye ataelewa upesi kuliko sisi sote: chembe zinazojenga mishipa midogo ya ubongo zimeshikamana na kuzibwa kama mbao za jahazi lililotiwa kalafati vizuri, nazo zina pampu ndogo ndogo zinazorudisha kwenye damu kile kilichofaulu kupenya. Kinga hii huuhifadhi ubongo na sumu, lakini pia huzizuia dawa nyingi za kemotherapia. Temozolomidi ni molekuli ndogo inayopenya, na hata hivyo kiasi kinachopatikana katika maji ya ubongo na uti wa mgongo ni kama moja ya tano tu ya kile kilichomo katika damu. Zaidi ya hayo, chembe za glioblastoma hujipenyeza katikati ya ubongo mzima mbali na pale mpasuaji anapoona mpaka wa uvimbe, na mara nyingi hurekebisha uharibifu ambao dawa imeufanya.

Ndiyo sababu majaribio ya miaka ya karibuni hayahusu dawa mpya tu, bali pia njia mpya za kuifikisha dawa ya zamani. Mwaka 2023 watafiti wa Chicago, Marekani, walitoa matokeo ya awamu ya kwanza kwa wagonjwa 17 wenye glioblastoma iliyorudi. Waliwawekea kwenye fuvu kifaa chenye vitoa-sauti tisa, ambacho kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika hulegeza ukuta huo kwa muda mfupi, kisha wakawapa paklitakseli, dawa iliyozoeleka katika saratani ya matiti lakini ambayo kwa kawaida haiingii katika ubongo. Sampuli zilizochukuliwa wakati wa upasuaji zilionyesha kwamba dawa iliongezeka mara kadhaa katika sehemu iliyolegezwa. Hiyo ni hatua kubwa, lakini awamu ya kwanza ilithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana na kwamba kiasi fulani cha dawa kinastahimilika. Haikuthibitisha kwamba watu wanaishi zaidi.

Sasa nirudi kwenye karatasi mlizo nazo. Katika mpango uliozoeleka sana wa awamu ya kwanza, wagonjwa watatu wa mwanzo hupewa dozi ndogo, na watafiti husubiri kwa muda uliowekwa, mara nyingi wiki nne hivi, waone kama kuna atakayepata madhara makubwa kama vile kushuka vibaya kwa chembe nyeupe za damu, kutokwa na damu au ini kuumia. Wote wakiwa salama, watatu wanaofuata hupewa dozi ya juu zaidi. Mmoja kati ya watatu akiumia, huongezwa wengine watatu kwa dozi ileile. Wawili wakiumia, kupandisha husimama, na dozi ya chini yake ndiyo hutazamwa kuwa ya kuendelea nayo. Kwa hiyo anayeingia mapema huenda akapewa kiasi kidogo kisichoweza hata kuugusa uvimbe, na anayeingia mwishoni huenda akawa ndiye anayeonyesha kwamba kiasi kimezidi. Waulizeni watafiti swali hili kwa maneno haya haya: kaka yetu ataingia katika dozi ya ngapi, waliotangulia walipewa kiasi gani, na nini kiliwapata? Mtafiti mwaminifu hatachukizwa nalo. Akikwepa, hilo peke yake ni jibu.

Awamu ya pili huangalia kama dawa inaonyesha dalili ya kuuzuia ugonjwa, na katika glioblastoma kipimo kinachotumika sana ni idadi ya wagonjwa ambao baada ya miezi sita ugonjwa wao haujaendelea. Awamu ya tatu huilinganisha dawa mpya na ile iliyopo, kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu ili matokeo yasipendelee upande wowote. Dawa nyingi zilizong'ara katika awamu ya pili zimeanguka katika ya tatu, na saratani ya ubongo ina orodha ndefu ya maanguko hayo.

Wasomaji wetu wa Malindi na vijiji vya Kilifi wamezoea neno utafiti kwa sababu ya kituo cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kilichopo mjini Kilifi tangu mwaka 1989, ambako chanjo za malaria zilijaribiwa kwa watoto. Pale waliojaribiwa walikuwa na afya, na chanjo ilikusudiwa kuwakinga. Kemotherapia ni jambo jingine. Dawa nyingi za aina hii huharibu vinasaba vya chembe, kwa hiyo si haki kumpa mtu mzima wa afya kwa ajili ya kupima dozi, na ndiyo maana hata awamu ya kwanza hufanywa kwa wagonjwa wenyewe. Kinachofanana katika pande zote mbili ni kanuni. Baada ya unyama uliofanywa na madaktari wa Kinazi, hukumu ya Nuremberg ya mwaka 1947 iliweka wazi kwamba hakuna mtu anayejaribiwa bila ridhaa yake, na Azimio la Helsinki la mwaka 1964 likawafunga madaktari wa dunia nzima kwa misingi hiyo. Utafiti halali huwa umepitiwa na kamati ya maadili, umesajiliwa katika daftari la wazi la majaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma, na hapa Kenya majaribio ya dawa hayaanzi bila idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Mwambieni huyo jamaa yenu awape namba ya usajili. Isipokuwepo, msiende.

Pia tazameni masharti ya kuingia. Watafiti hutumia kipimo cha Karnofsky, ambacho hukadiria nguvu za mgonjwa kutoka 0 hadi 100, na aghalabu hutaka mtu awe na 60 au 70 kwenda juu. Anayejihudumia mwenyewe lakini hawezi kazi yake ya kawaida yuko kwenye 70. Ikiwa kaka yako anapanda ngazi za nyumba bila kushikwa, anatawadha na kuvaa mwenyewe, lakini hawezi tena kushika tezo akachonga ubao, basi hapo ndipo alipo. Andikeni mambo ya namna hiyo kwenye daftari kila juma, kwa maana yatamsaidia daktari kuliko kuambiwa tu kwamba hajambo kidogo. Masharti mengine huhusu muda: kwa kawaida mionzi iwe imepita wiki 12, kemotherapia iliyotangulia iwe imepita wiki nne, na kama ilikuwa lomustini au dawa za jamii yake, wiki sita. Damu, ini na figo hupimwa kwanza. Inafaa kuyauliza haya yote kwa barua au kwa simu kabla ya kukata tiketi, kwa sababu nimewaona wagonjwa wakisafiri mbali na kukataliwa mlangoni kwa sababu ambayo ingejulikana kwa kipimo cha damu kilichofanywa hapa nyumbani.

Kuhusu shamba, maoni yangu ni makali. Katika utafiti wa kweli, dawa inayojaribiwa na vipimo vya ziada vya utafiti kwa kawaida hulipiwa na wafadhili. Mahali panapodai mgonjwa anunue dawa ambayo bado haijathibitishwa, tena kwa fedha nyingi za kutangulizwa, hapo mna biashara inayojivika kanzu ya utafiti. Hata utafiti halali hauondoi gharama ya nauli, malazi, chakula cha mwuguzi, matibabu ya kawaida na dharura, na gharama hizo zinaweza kulimeza shamba peke yake. Mgonjwa hutakiwa kuishi karibu na hospitali, kwa sababu damu hupimwa mara kwa mara na MRI hurudiwa kila baada ya wiki nane hivi. Kwenda na kurudi kutoka Mokowe hakuwezekani. Ni lazima pia mzungumze juu ya jambo ambalo watu wetu huona vigumu kulitamka: itakuwaje mauti yakimfika huko, mbali na watoto wake na makaburi ya wazee wake? Wapo ambao hilo haliwazuii, na wapo ambao kwao hilo linazidi kila kitu.

Anayepaswa kusema ni kaka yako. Umeandika kwamba maneno humpotea siku nyingine, na hiyo ndiyo sababu ya kutochelewa. Uvimbe ukiwa upande wa ubongo unaoongoza lugha unaweza kumnyang'anya usemi ilhali fahamu ingalipo, na baadaye hata fahamu yenyewe. Mketi naye wakati wa asubuhi anapokuwa na nguvu, watu wachache, pasipo kikao kikubwa cha ukoo. Mwelezeni kwa Kiswahili ni nini kinachojaribiwa na ni nini kinachotarajiwa, kisha mwacheni aeleze kwa maneno yake alivyoelewa. Fomu ya ridhaa nayo ombeni ije kwa Kiswahili, au isomwe na mkalimani asiye wa familia, kwa kuwa sisi jamaa tukitafsiri huacha yale tusiyopenda ayasikie. Muulizeni pia anataka nini zaidi: kujaribu kila njia, kuwasaidia watakaougua baada yake, au kukaa nyumbani na watu wake akiwa hana maumivu. Jibu lolote kati ya hayo ni la heshima. Akikubali kuingia, ajue kwamba anaruhusiwa kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na bila kunyimwa matibabu ya kawaida.

Swali

Mke wangu ana uvimbe wa ubongo uliorudi na hutumia fenitoini kwa ajili ya kifafa. Alikubaliwa kuingia katika majaribio ya kemotherapia, lakini sasa tumeambiwa abadilishiwe dawa ya kifafa kwanza. Dawa hiyo imemfaa kwa muda mrefu. Kwa nini waiguse? Tena anakunywa dawa za miti anazoletewa na mama yake, nasi hatujawaambia madaktari.
*Mume, Mambrui, Malindi*

Jibu

Ndugu yangu, wanaigusa kwa sababu nzuri. Fenitoini, karbamazepini na fenobabitoni huichochea ini ifanye kazi ya kuvunja dawa kwa kasi kubwa kuliko kawaida. Watafiti wa Amerika Kaskazini walipokuwa wakijaribu dawa ya kemotherapia iitwayo irinotekani kwa wagonjwa wa ubongo, waligundua kwamba waliokuwa wakitumia dawa hizo za kifafa waliweza kustahimili zaidi ya mara mbili ya dozi ya wenzao, kwa kuwa miili yao ilikuwa inaiondoa dawa kabla haijakaa. Ungempa mgonjwa wa namna hiyo dozi ya kawaida, angepata usumbufu wa kutibiwa bila faida yake. Na ungempa mgonjwa asiyetumia fenitoini ile dozi kubwa, ungemdhuru. Tangu hapo majaribio mengi ama yanawatenga wagonjwa hao katika makundi mawili yenye dozi tofauti, ama yanamtaka kila mmoja ahamie kwenye dawa isiyoichochea ini, kama vile levetirasetamu, na kukaa kwa muda, mara nyingi wiki mbili, ili ini irudi katika hali yake.

Ninachokuomba ni kimoja: msiiache fenitoini ghafla, hata kwa siku moja, kwa kudhani kwamba mnaharakisha kuingia. Kuikatiza kunaweza kuleta kifafa kisichokoma, ambacho huua. Dawa mpya huanzishwa kwanza, na ya zamani hupunguzwa taratibu kwa maelekezo ya daktari. Katika kipindi hicho mkeo asiachwe peke yake jikoni penye moto, asioge baharini, na mlango wa bafu usifungwe kwa ndani.

Kuhusu dawa za miti, nasema kwa heshima yote kwa mama mkwe wako, ambaye anatafuta uzima wa binti yake kwa njia anayoijua: waambieni madaktari leo. Baadhi ya mimea huichochea ini kama fenitoini inavyofanya, na mingine huizuia hata dawa ikalundikana mwilini. Katika awamu ya kwanza, ambapo wagonjwa wachache sana ndio wanaoamua dozi ya wote watakaofuata, mtu mmoja akiumia kwa sababu ya kitu kilichofichwa, utafiti mzima hupotoka. Pelekeni majani au magome yenyewe kwenye mfuko, na mseme anakunywa kiasi gani na mara ngapi.

Swali

Baba yangu, mwenye miaka 58, alimaliza mionzi wiki saba zilizopita. MRI ya kwanza imeonyesha sehemu inayong'aa ikiwa kubwa kuliko mwanzo, nasi tumeshaanza kutafuta majaribio ya dawa za saratani iliyorudi. Je, tuharakishe?
*Binti, Shela, Malindi*

Jibu

La, binti yangu, msiharakishe kabla ya kuhakikisha kwamba saratani imerudi kweli. Katika miezi mitatu ya mwanzo baada ya mionzi pamoja na temozolomidi, sehemu iliyotibiwa huweza kuvimba na kung'aa kwenye MRI kwa sababu ya uharibifu ambao tiba yenyewe imeufanya, na hali hiyo hutulia baada ya wiki kadhaa bila kubadilisha dawa. Kwa macho ya picha peke yake, si rahisi kuitofautisha na uvimbe unaokua. Wataalamu wa kimataifa waliokubaliana juu ya vigezo vya kusoma picha hizi mwaka 2010 walishauri kwamba, katika wiki 12 baada ya mionzi, ugonjwa usihesabiwe kuwa umeendelea isipokuwa kitu kipya kimeonekana nje ya eneo lililopigwa mionzi, au sampuli ya nyama imethibitisha.

Jambo hili lina uzito pia kwa utafiti wenyewe. Ukiwaingiza watu ambao ugonjwa wao haujarudi, picha zao zitatulia kwa hiari yake na dawa isiyofaa itaonekana ni ya ajabu. Ndiyo sababu majaribio mengi hayawapokei wagonjwa mapema hivyo. Kama baba yako hajazidiwa, mwombe daktari aendelee na temozolomidi na kurudia MRI baada ya wiki nne hadi nane. Kama ana maumivu ya kichwa au anatapika, deksamethasoni humpunguzia, ila siku ya picha ielezwe anatumia kiasi gani, kwa kuwa dawa hiyo nayo huifanya picha ionekane bora. Ombeni CD yenye picha zote, tangu ya kabla ya upasuaji. Ripoti ya karatasi haitoshi kwa daktari wa pili anayetaka kulinganisha.

Mwulizeni pia kama sampuli ya upasuaji ilipimwa kinasaba cha MGMT. Kinasaba hicho kikiwa kimezimwa, temozolomidi hufanya kazi vizuri zaidi, na uvimbe huu wa uongo baada ya mionzi huonekana mara nyingi zaidi. Jibu la kipimo hicho hutakiwa katika majaribio mengi, na hospitali iliyompasua huwa imehifadhi sampuli hiyo.

Swali

Mume wangu amekataliwa kuingia katika majaribio kwa sababu hana nguvu tena. Je, ndiyo basi?
*Mke, Maweni, Malindi*

Jibu

Pole sana, dada. Kukataliwa hakuna maana kwamba hakuna la kufanya. Mtu asiye na nguvu akipewa dawa inayojaribiwa aghalabu huumia zaidi na huishi siku chache, kwa hiyo waliomkataa wamemkinga. Mwulizeni daktari wake kama lomustini bado inafaa. Kama haifai, kipaumbele kiwe kumwondolea maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kifafa. Deksamethasoni itolewe kwa kiasi kidogo kinachotosha, kwa kuwa ikizidi hulegeza misuli ya mapaja na kupandisha sukari. Maumivu yakizidi, mofini ya maji ya kunywa ni dawa salama ikitolewa na anayeijua, na wala haimfupishii mtu maisha kama watu wanavyonong'ona. Wapo wahudumu wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, katika hospisi iliyoko Mombasa ambao huwafundisha jamaa namna ya kumgeuza mgonjwa, kumlisha asipaliwe, na kumpa dawa ya kifafa asipoweza kumeza. Mwombe daktari wa hospitali ya Malindi akuandikie barua ya kwenda kwao wiki hii, na uombe dawa hiyo ya kifafa cha dharura uwe nayo nyumbani kabla hujaihitaji.